Mshenga wa Otaru

Ndoa thelathini na moja nimezifunganisha hapa Otaru;
mbili tu zilivunjika, moja kwa sababu ya paka.
Leo kidhibiti cha gemu, hata waya hakina, kinanishinda.

Maelezo yanasema: oanisha.
Haya, si kazi yangu hiyo?
Nikabonyeza, nikahesabu hadi tano.
Taa ya buluu ikapepesa, ikapepesa,
kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi,
ikazimika.
Mashine chini ya runinga haikugeuza hata uso.

Mjukuu anafika saa kumi, na theluji imeziba ngazi.

Mara ya sita, mlango ukagongwa.
Kuramochi wa ghorofa ya chini, soksi mguu mmoja:
"Bi Fumie, gemu yangu inajiwasha yenyewe."

Kumbe! Nilikinunua mtumbani,
naye ndiye aliyekiuza mkewe alipofariki,
na bado kinamwita
kupitia sakafu ya zege.

Akapiga goti, akachomeka sindano
kwenye kitundu cha mgongoni
mpaka kikasahau.
Hakukirudisha upesi.

Akabonyeza upya. Taa ikatulia.
"Unacho cha pili?" akauliza.