Kilo Nne

Mwaka ule mvua ilichungulia Chamwino, ikarudi ndani.
Mtama ukaishia magotini, ukakauka umesimama,
na Januari ikatukuta tunachuma mlenda pori
kwenye makorongo ambayo hata mbuzi walishayasahau.

Lori la mahindi ya msaada likaja na vumbi lake.
Magunia hamsini na mawili, stoo ya shule, kufuli moja,
na ufunguo shingoni mwa Perusi Sailowa,
mwenyekiti wa kitongoji,
mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkwaruzo,
aliyeorodhesha kaya zote kwa kalamu ya risasi
na ya kwake akaiweka chini kabisa,
mstari ambao karani aliuita "tukibakiza".

Mimi nililinda usiku.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, koti la marehemu baba,
na bambo.

Asiyelijua bambo na alijue:
chuma chembamba, mfereji katikati,
unalidunga gunia ubavuni, nafaka inateremka yenyewe
kama inayokubaliana nawe.
Ukichomoa, unakuna nyuzi kwa kidole, tundu linajifumba.
Gunia halilii.

Mama alikuwa amevimba miguu.
Sikuiba, nilijiambia. Nilionja tu.

Asubuhi ya mgao mizani ikasema tisini na sita.
Uwanja mzima ukaguna mguno mmoja.
Mtendaji akataka jina. Wengine wakataka fimbo.
Perusi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga.
"Gunia la kumi na saba limepungua kilo nne.
Iandikwe hivyo hivyo, nne, si tatu na nusu.
Aliyechukua atarudisha. Tuendelee."
Hakunitazama.
Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Jioni akainama mlangoni mwa tembe letu. "Mbukwenyi."
Akamwona mama. Akaziona punje tatu mkekani,
akaziokota, akaniwekea kiganjani.
"Utalipa kilo moja kila mgao.
Wewe utakula pungufu. Mama yako hapana."

Nikapiga magoti. Nikamwomba aufute ule mstari.
"Niufute kwa kifutio cha nani?
Mahindi yale ni ya mjane wa Ndahani, ni ya watoto wa Chibago.
Nikikuhurumia kwa gunia lao,
na mimi nimeshika bambo."

Kisha akafungua fundo la kanga:
uwele wa nyumbani kwake, kibaba na kitu.
Akaumimina kwenye kibuyu chetu polepole,
akakung'uta nguo mara mbili
hadi ikatoa vumbi tu.
"Yangu inatoka humu," akasema, akaenda.

Wiki iliyofuata akaniita mbele ya watu.
Nikadhani ndiyo siku yangu.
Akanikabidhi mizani.
"Huyu anajua gunia linapungulia wapi."
Watu wakacheka, wasijue wanachokicheka.
Sijawahi kushika kitu kizito kama kile,
na kilikuwa kitupu.

Siku hizi Perusi hasikii vizuri.
Anaanika njugu mawe nyuma ya nyumba;
ukianza kumsifu anakuuliza bei ya chumvi.

Ufunguo wa kisima uko shingoni mwangu.
Tangu juzi mita inasoma ndoo sita zaidi ya daftari,
na matone yamechora njia vumbini
mpaka kwa kina Mhembano, kwenye mtoto wa wiki mbili.
Kamati inataka jina kesho saa tatu.

Nimeandika sita. Si tano.
Sasa nimekaa kitandani, taa ya kibatari inapepesuka,
nimeutikisa mfuko wangu wa suruali
na nasikiliza
una kiasi gani.