Bado

Nilimkuta Mwaloni, chini ya chanja ya dagaa,
mvua ya asubuhi ikimwagika kutoka ziwani,
amejikunja kama gunia lililosahauliwa na mpakizi.
Sikumwita. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikala chapati yangu polepole, nusu nikamwachia.
Kesho yake watu wa jiji wangepita na nyama yao,
ile ambayo mbwa koko huila mara moja tu.
Basi nikambeba. Ananuka shombo, na moyo wake
unanigonga kiganjani kama cherehani isiyo na kitambaa.

Nyumbani Mabatini, chumba kimoja juu ya mawe,
aliingia uvunguni, hakutoka.
Siku ya tatu Lushinge akauliza dirishani:
"Ametoka?"
"Bado."
Siku ya tano, "Ametoka?" "Bado."
Siku ya tisa akasema tu,
"Bado hajambo?"
Jina likawa jina.

Nilijifunza kutembea kwa nyayo za mwizi
ndani ya chumba ninacholipia kodi.
Redio niliivika khanga.
Mfuniko wa sufuria niliushusha kama ninalaza mtoto.
Alikula usiku, mimi nikijifanya nimelala;
nilisikia ulimi bakulini, mdogo, wenye adabu,
kama mgeni anayeogopa kumaliza mboga.

Mwenye nyumba akanipa hadi mwisho wa mwezi.
Si mtu mbaya. Alisema tu mkataba hautaji mbwa.

Wakaja watu.
Mlinzi wa ghala la Igogo akamulika tochi uvunguni.
"Anang'ata?"
Hapana.
"Basi anabweka?"
Sijamsikia.
"Sasa huyu ni mbwa au ni mto?"
Tukacheka, nikamsindikiza hadi penye ngazi.
Ikaja familia ya Nyegezi, watu wazuri, na biskuti mkononi;
yule mdogo akapiga makofi kwa furaha
na Bado akajikojolea.
Nilipangusa. Mtoto alilia njia nzima ya kushuka.

Mbuke yeye alikuja kudai.
Fedha ya kikoba, elfu arobaini, wiki mbili nimechelewa.
Alikaa kigodani, akafungua daftari, akalamba kidole,
akahesabu noti zangu zilizokunjamana
kimyakimya, midomo tu ikisogea.
Kisha akahesabu tena.
Katika kule kuhesabu tena, pua ikatoka uvunguni,
halafu uso, halafu mbwa mzima,
kama mtu anayevuka mto kwa mawe asiyoyaamini,
akalaza kidevu juu ya kiatu chake.

Mbuke hakushtuka. Hakumgusa. Hakusema "jamani".
"Mimi mbwa siwapendi," alisema, macho daftarini,
"na hapa pamepungua elfu mbili."
Lakini mguu hakuuondoa.
Chai ikapoa. Honi ya kivuko cha Kamanga ikalia,
Bado akatetemeka,
Mbuke akasubiri mpaka kutetemeka kuishe.

Jumamosi akaleta makombo ya sangara ndani ya kopo.
Deni nilikuwa nimeshalimaliza.

Alimchukua kwa miguu hadi Bwiru.
"Bodaboda zina kelele," alisema, basi.
Kamba ilikuwa imelegea kati yao
na mimi nilijifanya ninaanua nguo ambazo hazijakauka.
Nilitaka mbwa ageuke.
Najua si haki, kumfundisha mtu kuondoka
kisha kutaka ageuke.
Hakugeuka.

Sasa Mbuke ananitumia ujumbe, mfupi kama risiti:
"Bado kala."
"Bado bado hajabweka."
"Leo pimbi walimtazama toka juu ya jiwe. Na yeye kawatazama."
Lushinge naye, kwa mazoea, huinama dirishani:
"Bado yupo?"
Namwambia yupo, ila si hapa,
naye huguna, huenda zake na ndoo yake.

Jioni napika. Uvungu nimeufagia,
nikapata nusu ya biskuti na manyoya kidogo.
Mfuniko wa sufuria, hadi leo,
naushusha taratibu,
chumba kizima kikiwa kitupu,
nisimshtue.