Kinyota

Mimi ni karani wa bodi. Naandika
yanayosemwa, si yanayomezwa.
Jumatatu ya pili ya Februari, saa moja jioni,
maktaba ya shule ya Vedder, Montana kaskazini.
Nje theluji imefika vioo vya chini;
ndani tumekalia viti vya darasa la pili,
magoti kidevuni.

Waliohudhuria: Orrin Tveit, mwenyekiti, mkulima wa ngano;
Delphine Buchholz, ambaye hana mtoto hapa
tangu mwaka ule wa ukame, na bado huja;
Lyle Hofstad, amechelewa, ng'ombe wake anazaa;
na mkuu wa wilaya yetu ya shule moja, Bi. Kessel,
ambaye ndiye pia mwalimu mkuu,
ambaye ndiye pia aljebra,
ambaye leo alfajiri aliendesha basi
kwa kuwa dereva ana homa,
na mikono yake ingali inanuka dizeli
anapofungua faili la bajeti.

Bajeti yetu ni kuku wa mkata:
hatagi, na siku akitaga
yai ni la boila.

Boila inakohoa. Fundi alitoka mjini,
akaitazama, akatikisa kichwa,
akatoza dola mia tatu kwa kule kutikisa.
(Kicheko. Sikukiandika.)

Ajenda ya pili, matokeo ya mtihani.
Karatasi ya jimbo inapita mkono kwa mkono.
Darasa la tatu, hisabati: kinyota.
Darasa la tano, kusoma: kinyota.
Darasa la nane: kinyota, kinyota.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
watahiniwa wakipungua kumi
alama hazichapishwi,
mtoto asije akajulikana.

Orrin akavua miwani. "Sasa tumefaulu au tumefeli?"
Bi. Kessel akasema, "Tumekuwa wachache."

Asije akajulikana!
Hapa, ambapo mpishi anajua nani kila Ijumaa
hutia mkate mfukoni kwa ajili ya Jumamosi,
na huongeza wa pili bila kumtazama usoni.
Darasa la tatu ni watoto wanne.
Tobin hugeuza sita kuwa tisa.
Yesenia Huamán, binti wa mchunga kondoo kutoka Peru,
alikuja Septemba hana neno hata moja la hapa;
sasa anamsahihishia mwalimu tahajia
na mwalimu anashukuru, akifuta ubao.
Hawa ndio siri ya serikali.

Ajenda ya tatu, barua kutoka Stannard: tuungane.
Maili thelathini na nane.
Huko kuna maabara, kuna mwalimu wa muziki,
huko watoto watakuwa wengi, watachapishwa,
watakuwa asilimia.
Basi litaondoka nyota zikiwa juu
na kurudi zikiwa juu.
Ama tubaki, tupandishe kodi ya ardhi
kwa watu ambao mwaka jana
waliuza trekta ili kulipia mbegu.

Orrin: tuungane. Sauti yake ilikwama njiani;
jina la baba yake limechongwa juu ya mlango.
Delphine: tubaki. Yeye aliyeuza trekta.

Ndipo mlango ukafunguka, Lyle, damu hadi viwikoni.
"Ndama yu hai," alisema. "Mama yake hapana."
Akaketi kwenye kiti kidogo, kikalia.
Tukamsomea hoja. Akaniomba nisome tena.
Akaitazama karatasi ya vinyota muda mrefu,
kidole chake kikaacha alama juu ya darasa la tatu.
Tobin ni wake.

"Nipeni mwezi," akasema.

Kikao kilifungwa saa tatu na dakika kumi.
Bi. Kessel alitoka na kurunzi
kuchomeka waya wa injini kwenye umeme,
maana basi lililolala baridini haliamki.
Nami kwenye safu ya uamuzi
nilichora kinyota,
nikakifuta,
nikaandika: Machi.