Kanyaga, Shikilia

Pedali ilikuwa ikizama, polepole,
na chini ya lori hapakuwa na tone.
Baba yangu, Toktosun, chali juu ya kadibodi,
theluji ya Naryn ikimwingia shingoni,
akasema: Kikulacho kimo ndani.

Akaifungua masta silinda
juu ya meza mama alipokandia unga.
Pistoni mbili, moja nyuma ya mwenziwe,
springi, vipira vyeusi,
na kimoja kina mkwaruzo
wa upana wa unywele.

“Mguu unasukuma ufito, ufito unasukuma pistoni.
Kipira kinapita kitundu hiki, kinakiziba.
Mafuta yakikosa njia ya kurudi koponi
hayajui kujikunja, Begimai.
Yatakwenda tu, hadi kwenye gurudumu.
Hewa ndiyo hukubali kubanwa.
Hewa ni mnafiki.”

Basi nikakalia kiti chake, na miaka yangu kumi na mmoja,
nikinyoosha mguu mpaka ncha ya kiatu,
naye chini akiita:
Kanyaga.
Shikilia.
(povu likitema ndani ya chupa ya jemu)
Achia.

Sikumbuki ni mara ya ngapi mguu ukagota.
Ugumu ule!
Kama kuna mtu upande wa pili, naye kanisukuma.

Leo nateremka Dolon na tani tatu za makaa.
Konani, barafu. Naigusa pedali,
kitundu kinazibwa nisikokuona,
lori linatii.
Kona imepita. Njia imenyooka.
Mguu bado unangoja
sauti ya chini iseme achia.