Ulimi wa Mpika Halua

Miaka thelathini na minane ulimi huu umekula kwa kazi.
Kila karai lilipoacha kunata nilionja kijiko,
na kila kijiko nilikirudia, kwa ajili ya mteja, nikisema,
maana mteja wa Wete hasamehi halua iliyopwaya.

Jumatatu nesi Raya akanitoboa kidole.
Tone moja. Akakilisha kimashine chake,
kimashine kikafikiri, kikataja namba.
"Ndiyo bei ya ratili?" nikamuuliza.
Hakucheka.

Akageuza kadi yangu, akachora duara.
Nusu yake akaandika: mboga.
Robo: samaki, kunde, choroko.
Robo iliyobaki, niliyoitazama kama yatima: wali.
"Mzee Shaame, kula kila rangi."
Nikamwambia halua nayo ina rangi,
ya manjano ya zafarani, nyekundu, nyeusi ya sukari guru.
Hapo akacheka kidogo,
kisha akaniuliza habari za Faki.

Faki ni kaka yangu.
Mguu wake tuliuzika Mfunguo Tano,
kwa sanda ndogo kama ya kitoto kichanga,
na mwenyewe alikuwapo, juu ya kiti cha magurudumu,
akituelekeza: chimbeni zaidi, mbwa wasije wakafukua.
Sikujibu kitu. Nilikunja kadi, nikaitia mfuko wa shati.

Nyumbani kwetu hakuna sahani ya mtu mmoja.
Kuna sinia, na mikono sita.
Sasa wewe nesi, duara lako utalikata wapi
kwenye mlima wa wali unaochimbwa kila upande?
Bi Mize akaitazama kadi, juu chini, chini juu,
akaingia jikoni bila neno.
Akatoka na sinia lile lile,
ila mlima umekuwa kichuguu,
na pembeni yake matembele ya tui jepesi, bamia,
kibua wa kuchoma, kachumbari ya tango na ndimu.
Riziki, mwenye miaka saba, akauliza:
"Bibi, leo tuna shida?"

Maana ndivyo tulivyomfundisha, mimi nikiwa wa kwanza:
majani ni ya tarehe ishirini na tano,
kunde ni za asiye na mgeni,
mwenye nacho hula cheupe.
Wali mweupe, mkate mweupe, sukari nyeupe.
"Hata sanda," alisema Bi Mize, "ni nyeupe."

Siku za mwanzo nilikuwa mtu mbaya.
Nilinuna mbele ya bamia kama niliyetukaniwa mama.
Usiku mmoja niliamka kwenda kuramba mwiko,
na Bi Mize, niliyemdhani kalala,
akakohoa mara moja tu.
Nikauosha.

Chai bila sukari ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe,
wiki ya kwanza, na ya pili.
Ya tatu, asubuhi ya mvua, nikausikia mchaichai.
Si harufu. Ladha yenyewe,
kama mtu aliyekuwa akizungumza chumbani
miaka yote, nami nimewasha redio.

Halua bado napika; wajukuu hawali kadi.
Lakini sionji tena. Nasikiliza.
Ikikaribia kuiva, mapovu hupunguza maneno,
samli hujitenga ukingoni,
mwiko huwa mzito kama mkono wa mtu aliyelala.
Riziki ndiye ulimi wangu: kipande cha ukubwa wa kucha,
kisha mswaki, Bi Mize kasimama pale pale.

Jana Faki kaja dukani na magongo yake,
akaagiza nusu ratili.
Nikamkatia, nikaiweka kwenye mizani,
nikaitazama sindano mpaka ikatulia,
nikaiondoa.
Nikampa pera.
Akanitukana vizuri sana, tusi letu la utotoni,
kisha akaketi kwenye benchi, akaling'ata.
Tukakaa hivyo, wazee wawili na miguu mitatu,
mbegu zikitukwama menoni,
hatuna haraka.