Mahudhurio kwenye Mashine ya Perusi

Kinyasungwe haukubisha hodi.
Uliingia darasa la nne saa nane usiku,
ukakaa dawati la mbele, ukapanda ubaoni,
ukafuta hesabu za sehemu nilizoziacha Ijumaa
bila kuuliza ilikuwa zamu ya nani.

Asubuhi tope lilikuwa limefika madirishani,
limetulia kama uji uliopoa.
Upande wa Gulwe reli ilining'inia hewani,
mataruma bado yameishikilia,
ngazi isiyojua inampandisha nani.
Treni haikuja. Wala mshahara. Wala chaki.

Mwalimu mkuu, Bwana Chisawilo, alivua viatu,
akavifunga kamba, akavitundika shingoni,
akaingia ofisini, akatoka na rimu ya lori
tunayoigonga kama kengele.
"Haya," alisema, "shule imeshatoka.
Ipelekeni mahali."

Tukaipeleka kwa Perusi Mbeleje, kwenye mashine ya kusaga.
Hakutoa hotuba. Aliupima mlango kwa macho.
"Wako wangapi?"
Mia moja na sita, nikasema, kama wote wameamka.
Akazima injini.

Tangu siku hiyo husaga saa kumi alfajiri.
Wanawake huja gizani na ndoo za mtama,
wakinung'unika. Nani asingenung'unika?
Wengine walisusa, wakarudia vinu vya bibi zao,
na mmoja aliniambia usoni kwamba
herufi hazishibishi.
Lakini saa moja kamili sakafu imefagiliwa,
na yule yule aliyenisema
ndiye aliyeacha mkeka wake kwa wadogo.

Daftari la mahudhurio lilikwenda na maji.
Niliita majina kwa kichwa.
Baada ya Chedego nikakwama,
nimesimama mbele yao kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.
Sauti ikatoka nyuma, karibu na injini:
"Ni Damari, mwalimu. Hukaa mbele yangu.
Ana kovu kisogoni."
Na baada ya Damari, mwingine akamtaja mwingine,
nami nikabaki kuitikia kwa kichwa.

Sasa niseme ukweli, maana watu wa hapa wananisifu.
Mfukoni nilikuwa na barua ya uhamisho.
Miaka mitatu nimeiomba: Karagwe, nyumbani,
kwenye migomba na ukungu wa asubuhi.
Ilikuja na treni ya mwisho.
Nilikuwa nimeshafunga godoro.
Sikubaki kwa ushujaa; nilibaki kwa kukosa njia.
Njia ilipopatikana, wiki ya tano,
mgongo wa barua ile ulikuwa umejaa
majina mia moja na sita kwa mwandiko mdogo,
na alama za vema zikitembea kwenda kulia
siku baada ya siku.
Karatasi nyingine sikuwa nayo.
Ningeondokaje na darasa zima mfukoni?

Watatu hawana alama.
Wawili wamehamia Kibaigwa kwa mjomba wao.
Wa tatu ni Ndahani Malogo,
aliyerudi usiku ule kufungua mbuzi.
Namwita kila asubuhi,
kati ya Mwaluko na Nyemo.
Hakuna anayejibu kwa niaba yake,
hata watundu.
Perusi, mlangoni, anayepepeta pumba,
huuacha ungo hewani kidogo,
kisha huendelea.

Mchana watoto hurudi nyumbani weupe wa unga
hadi kwenye kope.
Mama zao huwapiga migongoni, paf, paf,
kama wanaokung'uta magunia,
na uani panabaki wingu dogo.

Leo tumezirudia zile sehemu.
Ubao ni mlango wa mashine,
chaki ni kipande cha kopa la muhogo.
Nikamwita Lechipya: nusu ya robo ni ngapi?
Akakuna kichwa, akachora duara, akalikata,
akalikata tena, akaandika moja juu, nane chini.
Sahihi, nikasema.

Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akala chaki.