Safu ya Saba

Leelo wa bandarini Kärdla aliniambia,
akikunja sufu bila kunitazama:
"Anayekufuata, mfuate.
Ndiyo adabu ya wenye kazi za mikono. Nipe nikupe.
Hata theluji huanguka kwa kufuatana."

Nikamfuata yeye, akanifuata.
Nikamfuata mfinyanzi wa Tartu, na mama wa mishumaa,
na yule anayeshona wanyama wa kitambaa wenye jicho moja,
na wote, waungwana, wakanirudishia.
Baridi ya pili ilipokwisha tulikuwa mia nne na kumi na wawili:
soko zima limejaa vibanda,
kila mtu nyuma ya meza yake, akiinamiana na jirani,
na hakuna hata mmoja aliyekuja na kikapu kitupu.

Tulivishana vilemba vya ukoka.
Moyo mwekundu kwa moyo mwekundu,
kidole kikipita juu ya glavu zangu
kama mkono upapasao ukuta gizani:
unatafuta swichi, hauutafuti ukuta.

Isipokuwa Vaike.
Vaike Kuusk wa Põlva, msukaji wa vikapu,
hamfuati mtu. Sifuri.
Nyuma yake watu elfu tisa, mbele yake barabara tupu.
Nilimfuata Novemba. Nikangoja.
Desemba nikasifu kikapu chake cha viazi.
Januari nikasifu mpini.
Februari nikakasirika, nikamwacha usiku,
nikibonyeza kwa nguvu
kana kwamba mlango ungesikika ukibamizwa.

Haukusikika.
Siku tatu nilifuma ovyo.
Nilikosa ile sauti ya fito zilizolowekwa zikipasuliwa,
kidole gumba chake chenye kovu, kinavyosita
kabla ya kukunja ukingo.
Siku ya nne nikarudi, kimya, kama paka aliyelala nje.
Fuata nyuki ule asali, walisema.
Nani aliwahi kumdai nyuki ageuke, naye afuate?

Ningeishia hapo, nikajiona nimepata hekima.
Lakini usiku uleule, nikikagua hesabu ya wafuasi wangu
(nilikuwa bado nahesabu, nisidanganye),
nilimkuta chini kabisa mtu aitwaye Taavet Rebane,
wa Võru, mchonga vijiko.
Amenifuata miaka minne.
Sikumrudishia. Wakati ule vijiko vyake
vilikuwa kama makasia yaliyovunjika,
nami nilikuwa na jina la kulinda.

Nikafungua. Vijiko, vijiko, vijiko,
vikinyooka mwaka kwa mwaka kama mwandiko wa mtoto.
Kisha kimoja, cha mwezi uliopita:
mpini mzima umechongwa nyota yangu ya pembe nane,
ile aliyoniachia mama.
Nikaikuza picha. Nikahesabu.
Safu ya saba, pembe ya kushoto,
mshono mmoja umerukwa.

Kosa hilo ni langu. Nililifanya usiku wa matanga yake
na sikulifumua.
Watu mia nne waliliwekea moyo.
Leelo mwenyewe aliandika: safi kabisa.
Na mtu mmoja, huko Võru, alilitazama
mpaka akalichonga kwenye mti,
ambako hakuna kufumua.

Leelo, kesho utaniuliza kama nimemfuata.
Sijamfuata. Sipendi vijiko kiasi hicho,
na adabu ya kulipana imenichosha.
Nimemwandikia tu: kile kijiko, bei gani?

Hajajibu. Ni saa nane usiku.
Nje gari la kukwangua theluji limepita, limerudi.
Nimeshika sindano. Safu ya sita imekwisha,
na nimekaa hapa, uzi kidoleni,
sijui kama ya saba niikosee tena.